Ujira kwa saa katika Ngaka na Mbinga

Ujira kwa saa katika Ngaka na Mbinga ni kiasi cha fedha ambacho mfanyakazi hupata kwa kila saa ya kazi katika eneo la machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka, katika mashamba ya kahawa ya nyanda za juu za Umatengo na katika vijiji vya wavuvi kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoa wa Ruvuma, kusini magharibi mwa Tanzania. Watu wachache sana katika eneo hili hulipwa kwa saa. Wengi hulipwa kwa mwezi, kwa siku, kwa debe la kahawa, kwa safari ya lori au kwa mgawo wa samaki. Hata hivyo saa ndiyo kipimo pekee kinachowezesha kulinganisha kazi hizo zote, na sheria ya kazi ya Tanzania inaitaja saa kama msingi wa hesabu ya malipo.

Eneo

Ngaka ni sehemu ya bonde la mto Ruhuhu lenye mashapo ya makaa ya mawe. Mgodi unaojulikana zaidi uko Mbalawala, karibu na kijiji cha Ntunduwaro, kata ya Ruanda, wilaya ya Mbinga (kata hii isichanganywe na nchi ya Rwanda). Magharibi yake ardhi inapanda kwenye milima ya Wamatengo, kisha inashuka kwa ghafla hadi ziwani. Upande wa ziwa ulikuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga hadi mwaka 2012, ulipomegwa na kuwa wilaya ya Nyasa yenye makao makuu Mbamba Bay. Mkoa mzima wa Ruvuma ulikuwa na wakazi 1,376,891 katika sensa ya mwaka 2012, na 1,848,794 katika sensa ya mwaka 2022.

Kwa hiyo ndani ya mwendo wa saa chache za gari kuna namna tatu za kujipatia riziki ambazo hazifanani: mgodi wenye zamu na mitambo, shamba la familia lenye msimu, na mtumbwi unaotegemea giza la usiku na upepo. Ukitafuta wastani mmoja wa ujira kwa eneo lote utapata namba, lakini namba hiyo haitamfaa mchimbaji, mkulima wala mvuvi.

Ujira, mshahara na kibarua

Katika Kiswahili neno "mshahara" hutumika zaidi kwa malipo ya mwezi, na asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana hiyohiyo ya mwezi. "Ujira" ni pana zaidi: ni malipo yoyote ya kazi. "Posho" ni nyongeza ya chakula, safari au mazingira magumu, na si sehemu ya mshahara wa msingi. "Kibarua" ni barua ndogo: zamani mfanyakazi wa siku alipewa kipande cha karatasi kama ushahidi kwamba ameifanya kazi, na baadaye jina la karatasi likahamia kwa kazi yenyewe na kwa mtu anayeifanya. Leo kibarua wa Mbinga mara nyingi hana hata hiyo karatasi, jambo linalomgharimu sana pale anapodai.

Historia

Wakati wa ukoloni wa Kijerumani na baadaye wa Kiingereza, wilaya ya zamani ya Songea, ambayo ilijumuisha Umatengo na mwambao wa ziwa, ilikuwa mojawapo ya maeneo yaliyotoa vibarua wengi kwa ajili ya mashamba ya mbali. Kodi ililazimu kulipwa kwa fedha taslimu, na fedha hazikupatikana nyumbani. Wanaume walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na wengine hadi migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliendesha ofisi ya pamoja ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba.

Malipo ya manamba hayakuhesabiwa kwa saa wala kwa mwezi wa kalenda. Yalihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku thelathini za kazi. Siku ambayo hakumaliza kazi aliyopangiwa haikuwekewa alama, na kadi iliendelea hadi siku thelathini zitimie. Mtu angeweza kuishi kambini wiki sita na kulipwa "mwezi" mmoja. Mtu akigawa fedha hizo kwa siku zote alizokaa kambini anaona tofauti kubwa kati ya ujira uliotangazwa na ujira uliopatikana, na tofauti ya aina hiyo bado ipo katika kazi nyingi za leo kama inavyoelezwa hapa chini.

Kahawa aina ya arabika iliyoanza kulimwa Umatengo katika miaka ya 1920 ilibadili mambo. Mmatengo mwenye mikahawa aliweza kupata fedha ya kodi bila kuondoka nyumbani, wakati jirani yake wa ziwani au wa Ungoni aliendelea kusafiri. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 serikali ilisimamisha uandikishaji wa watu kwenda Afrika Kusini, na kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiliyafanya mashamba ya mkonge kuajiri watu wachache kwa mishahara mizuri zaidi. Wale waliopata kazi walinufaika. Kwa wale wa kusini waliozoea kwenda, njia ilifungwa.

Misheni nazo zilikuwa waajiri wa mapema. Wabenedikto walifika Kigonsera mwishoni mwa karne ya 19 na Litembo baadaye, na Waanglikana walijenga kituo Liuli kando ya ziwa. Hospitali za Litembo na Liuli zimeendelea kuajiri wauguzi, wapishi, mafundi na walinzi hadi leo.

Sheria na hesabu ya saa

Msingi wa sheria ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini namba 6 ya mwaka 2004 pamoja na Sheria ya Taasisi za Kazi namba 7 ya mwaka huohuo. Ya kwanza inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku na siku 6 kwa wiki. Ya pili inaunda bodi za mishahara zinazomshauri waziri kuhusu kima cha chini kwa kila sekta.

Ili kubadili mshahara wa mwezi kuwa wa saa, sheria hutumia namba 4.333, ambayo ni wiki 52 zilizogawanywa kwa miezi 12. Saa 45 zikizidishwa kwa 4.333 zinatoa saa 195 kwa mwezi. Mshahara wa shilingi 100,000 kwa mwezi ni sawa na shilingi 513 hivi kwa saa. Mwanafunzi anaweza kuthibitisha namba yoyote katika makala hii kwa kugawa kwa 195.

Juu ya kiwango hicho kuna nyongeza za lazima. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na saa za ziada hazipaswi kuzidi 50 katika kipindi cha wiki nne. Kazi ya siku ya mapumziko ya wiki au ya sikukuu hulipwa mara mbili. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Sheria inaruhusu pia makubaliano ya maandishi ya wiki iliyofupishwa, ambapo mtu hufanya kazi hadi saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada, mradi siku zisizidi tano kwa wiki, saa za kawaida zisizidi 45 na za ziada zisizidi 10. Kifungu hiki kina uzito mkubwa migodini, ambako zamu ya saa 12 ni jambo la kawaida. Ikiwa makubaliano hayo hayakuandikwa, saa tatu za mwisho za kila zamu ni saa za ziada na zinapaswa kulipwa hivyo.

Kima cha chini kwa sekta

Amri za kima cha chini kwa sekta binafsi zilitolewa miaka ya 2007, 2010, 2013, 2022 na 2025. Tofauti na Kenya, ambako amri ya mishahara hutenganisha miji mikubwa, miji midogo na maeneo mengine na hutaja kazi moja moja, Tanzania huweka kiwango kwa sekta na nchi nzima. Mhudumu wa duka Mbinga mjini na mwenzake wa Kariakoo wana kima kimoja. Uganda kwa upande wake bado ina kima cha shilingi 6,000 za nchi hiyo kwa mwezi kilichowekwa mwaka 1984, ambacho hakina maana yoyote kwa bei za leo.

Amri ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Julai 1 mwaka huo, ndiyo iliyotawala kipindi chote ambacho mgodi wa Ngaka ulikuwa unakua. Iliweka shilingi 100,000 kwa mwezi katika kilimo na shilingi 400,000 katika migodi yenye leseni kubwa. Machimbo yenye leseni ndogo yalipangiwa 200,000. Biashara na viwanda vilipangiwa 115,000. Wakandarasi wa ujenzi wa daraja la kwanza walitakiwa kulipa angalau 325,000, sawa na shilingi 1,667 kwa saa, na kiwango hicho ndicho kilichokuwapo wakati barabara ya lami ya takriban kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ilipokuwa ikijengwa. Mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri aliwekewa 40,000.

Viwango hivyo vilibaki bila kubadilika kwa miaka tisa na nusu. Amri iliyofuata ilianza Januari 1, 2023. Kilimo kilipanda hadi 140,000 (shilingi 718 kwa saa), biashara na viwanda hadi 150,000 (769), shule binafsi hadi 207,000 (1,062), machimbo madogo hadi 300,000 (1,538) na migodi mikubwa hadi 500,000 (2,564). Mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri alifikia 60,000, na asiyelala huko 120,000.

Kwa hiyo mwaka 2013 saa moja ya mgodini ilikuwa na thamani ya saa nne za shambani kwa kipimo cha sheria. Mwaka 2023 ilikuwa saa tatu na nusu hivi. Pengo limepungua kidogo, ila kwa kijana wa Ntunduwaro anayeona malori yakipita mbele ya shamba la baba yake bado ni pengo kubwa.

Amri ya mwaka 2025, iliyoanza kutumika Januari 1, 2026, ilipandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi. Katika utumishi wa umma kima cha chini kilikuwa kimepanda kutoka 300,000 hadi 370,000 mwaka 2022, kisha hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Mhudumu wa ngazi ya chini kabisa katika ofisi ya halmashauri ya Mbinga alifikia hivyo kiwango ambacho mgodi mkubwa ulitakiwa kulipa tangu mwaka 2023.

Mgodi wa Ngaka

Makaa ya Ngaka yanachimbwa kibiashara tangu mwaka 2011 na kampuni ya TANCOAL Energy, iliyoanzishwa mwaka 2008 kwa ubia kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lenye asilimia 30 na kampuni ya Intra Energy kutoka Australia iliyokuwa na asilimia 70. Kampuni nyingine zimepata leseni katika eneo hilo baadaye. Mwaka 2016 serikali ilizuia uagizaji wa makaa kutoka nje, na viwanda vya saruji vikalazimika kununua ya ndani. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021 makaa ya Ruvuma yalianza kusafirishwa kwa meli kupitia bandari ya Mtwara, na vita vya Ukraine mwaka uliofuata viliongeza mahitaji duniani. Uchimbaji ni wa shimo la wazi: tabaka la juu huondolewa kwa mitambo, makaa huchotwa, huvunjwa na kuchekechwa, kisha hupakiwa kwenye malori.

Kazi za mgodini hutofautiana kwa malipo kuliko kazi za mahali pengine popote katika wilaya. Juu wako wajiolojia, wahandisi na mameneja, wengi wao wakitoka nje ya mkoa. Katikati wako waendeshaji wa mitambo, mafundi wa injini na umeme, wapimaji na wasimamizi wa zamu. Hawa ndio ambao ujuzi wao hununuliwa kwa bei inayopanda haraka, kwa sababu mwendeshaji wa ekskaveta anaweza kuhamia Geita au kwenye mradi wa barabara wiki ijayo. Chini wako wasafishaji, wapishi, walinzi na vibarua wa kupakia.

Jambo ambalo wanafunzi wa somo hili hulisahau ni kwamba si kila anayefanya kazi ndani ya uzio wa mgodi yuko katika sekta ya madini. Kima cha chini hufuata sekta ya mwajiri. Mlinzi aliyeajiriwa na kampuni ndogo ya ulinzi alikuwa na kima cha shilingi 100,000 chini ya amri ya 2013, wakati dereva wa mtambo aliyepita kwenye geti lake alikuwa na kima cha 400,000. Mpishi wa kantini yuko katika sekta ya hoteli na chakula. Kadiri mgodi unavyotoa kazi nyingi zaidi kwa wakandarasi, ndivyo wastani wa ujira wa "wafanyakazi wa mgodi" unavyopanda katika vitabu, kwa kuwa wenye malipo madogo wamehamia katika vitabu vya kampuni nyingine.

Mfano wa hesabu unasaidia. Mfanyakazi wa mgodi mkubwa aliyelipwa kima cha mwaka 2023 ana shilingi 2,564 kwa saa. Saa yake ya ziada ni 3,846, saa ya sikukuu ni 5,128, na saa ya usiku inamwongezea shilingi 128. Kwenye mshahara wake wa 500,000 hukatwa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, yaani 50,000. Kodi ya mapato haitozwi kwa shilingi 270,000 za kwanza. Kinachozidi hapo, kwa kiwango cha asilimia 8, ni kodi ya 14,400. Anabaki na 435,600, sawa na 2,234 kwa saa. Kibarua wa shambani wa 140,000 halipi kodi hiyo, na kama mwajiri wake anamwandikisha NSSF anabaki na shilingi 646 kwa saa.

Madereva wa malori

Makaa husafirishwa kwa barabara kupitia Kitai, kwenye njia ya Songea hadi Mbinga, kuelekea viwanda vya Mbeya, Dar es Salaam na Tanga au kupitia Tunduru hadi Mtwara, safari ya zaidi ya kilomita 600. Dereva hulipwa mshahara mdogo na posho ya safari, na mara nyingi posho ndiyo kipato chenyewe.

Kwa mtazamo wa mtu wa kijijini dereva wa lori ni tajiri. Kwa saa, hesabu ni nyingine. Foleni ya kupakia, mzani, matengenezo njiani, kulala ndani ya lori akilinda mafuta na mzigo, foleni ya kushusha: saa hizo zote yuko kazini, ila posho haiongezeki. Safari iliyopangwa kwa siku nne ikichukua nane, ujira wake kwa saa umekatwa nusu bila mtu yeyote kubadili kiwango cha malipo. Hii ndiyo hesabu ya kipande cha manamba iliyorudi kwa sura nyingine. Utingo, ambaye hulipwa na dereva mara nyingi kuliko na tajiri, hupoteza zaidi.

Kahawa na kazi ya shambani

Kilimo ndicho chenye watu wengi kuliko kazi zote, na ndicho kigumu kupima. Wamatengo wanajulikana kwa kilimo cha ngoro, mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, ambamo mahindi na maharage hupandwa kwa kupokezana. Kuchimba ngoro ni kazi nzito ya mikono, na mgawanyo wa zamani ni kwamba wanaume hufyeka na kupanga majani huku wanawake wakichimba mashimo na kupanda. Kazi ya pamoja inayoitwa ngokela, ambapo majirani hukusanyika kwa zamu na mwenye shamba huwapa chakula na pombe, haina fedha ndani yake. Ila ina deni: aliyesaidiwa lazima asaidie. Kadiri vijana wengi wanavyotaka kulipwa taslimu, ndivyo kazi za ngokela zinavyogeuka kuwa za vibarua.

Msimu wa kuchuma kahawa huanza mnamo Mei au Juni na huweza kufika Oktoba. Mchumaji hulipwa kwa debe au ndoo ya matunda mekundu. Katikati ya msimu, mti ukiwa umejaa, mtu mwepesi hujaza madebe kadhaa kwa siku na ujira wake kwa saa unaweza kupita kima cha sheria. Mwanzoni na mwishoni mwa msimu, anapotafuta tunda moja moja kati ya majani, bei ya debe ni ileile lakini saa zimeongezeka maradufu. Mashamba makubwa, kama lile la Lipokela katika wilaya jirani ya Songea, huchukua wachumaji wengi wa msimu kwa mtindo huo.

Mwenye shamba mwenyewe hajui ujira wake kwa saa hadi kahawa imeuzwa mnadani na chama cha msingi kimelipa. Hapo ndipo inapoingia magoma, desturi inayolalamikiwa Mbinga kwa miaka mingi. Mkulima mwenye shida ya ada ya shule au matibabu katika miezi ya njaa huuza kahawa ingali mtini kwa mkopeshaji, kwa bei ya chini sana. Chukua mfano wa kubuni: familia ina kilo 300 za kahawa kavu, imetumia saa 1,500 za kazi kwa mwaka na shilingi 400,000 za mbolea na dawa. Ikiuza kwa shilingi 5,000 kwa kilo, baada ya gharama inabaki na 1,100,000, sawa na shilingi 733 kwa saa, karibu na kima cha kilimo cha mwaka 2023. Ikiwa iliuza kwa magoma kwa shilingi 2,500, inabaki na 350,000, yaani shilingi 233 kwa saa. Kazi ni ileile na kahawa ni ileile. Serikali na vyama vya ushirika wamepiga marufuku magoma mara kwa mara, lakini marufuku haimpi mtu ada ya shule mwezi Januari.

Mwambao wa ziwa

Huko Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na vijiji vya kusini yake, mvuvi hulipwa kwa mgawo. Mauzo ya usiku hutolewa kwanza gharama za mafuta au betri za taa na chakula, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye mtumbwi na nyavu kwa upande mmoja, na wavuvi kwa upande mwingine. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo siku za mbalamwezi kazi hupungua au husimama. Upepo wa mwera, unaovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, huzuia mitumbwi kutoka kwa siku nzima.

Usiku mmoja mzuri unaweza kumpa mvuvi zaidi ya wiki ya kibarua wa shambani, na usiku tatu zinazofuata zisimpe kitu. Amri ya mishahara ina kima cha sekta ya uvuvi, lakini mtu wa mgawo hahesabiwi kuwa na mwajiri. Wanawake wanaonunua usipa ufukweni, kuukausha na kuupeleka sokoni Mbinga au Songea hufanya kazi ya siku mbili au tatu kwa kila mzigo, na mvua ikiunyeshea kichangani hasara ni yao peke yao. Bandari mpya ya Mbamba Bay, ambayo ujenzi wake umeanza katika miaka ya 2020, pamoja na barabara ya lami, zimeleta kazi za ujira wa siku ambazo hazikuwepo.

Kazi za nyumbani na kazi ndogondogo

Msichana wa kazi anayelala kwa mwajiri ana kima cha chini kuliko wote. Chini ya amri iliyoanza Januari 2023, shilingi 60,000 kwa saa 195 zilikuwa shilingi 308 kwa saa. Lakini anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa nne usiku hafanyi saa 45 kwa wiki. Tukimhesabia saa 12 kwa siku, siku saba, zinakuwa saa 364 kwa mwezi, na ujira wake kwa kiwango hicho ulikuwa shilingi 165. Chakula na malazi ni sehemu ya malipo yake, na ndiyo sababu inayotolewa kuhalalisha kiwango hicho.

Mwendesha bodaboda asiye na pikipiki yake hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku, apate abiria asipate. Mama lishe wa Kitai hutegemea foleni ya malori: foleni inayompunguzia dereva ujira ndiyo inayomwongezea yeye. Karibu na mgodi, kikundi cha wanawake cha Mbalawala kilianzishwa kwa msaada wa mwekezaji kwa ajili ya huduma za chakula na kutengeneza vitofali vya makaa ya kupikia.

Kusoma wastani

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya utafiti wa ajira na mapato katika sekta rasmi, na utafiti mpana wa nguvukazi, kama ule wa mwaka 2014 na wa 2020/21. Wa kwanza huuliza waajiri, wa pili huuliza kaya. Majibu hayawezi kulingana, kwa sababu mkulima, mvuvi wa mgawo na muuza usipa hawamo kabisa katika orodha ya waajiri.

Wastani wenyewe hudanganya pale wachache wanapolipwa sana. Watu kumi, tisa wakipata shilingi 700 kwa saa na mmoja 12,000, wana wastani wa 1,830, kiasi ambacho hakuna hata mmoja wao anayekipata. Mediani, yaani ujira wa mtu aliye katikati wakipangwa kwa mstari, ni 700. Kwa wilaya yenye mgodi mmoja mkubwa kati ya maelfu ya mashamba madogo, mediani ndiyo ya kutazama.

Madai na usuluhishi

Mfanyakazi asiyelipwa kima cha chini au saa za ziada anaweza kwenda kwa Afisa Kazi au kufungua mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, na mingine ndani ya siku 60 tangu jambo lilipotokea. Asiyeridhika na uamuzi huenda Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Katika migodi vyama vya wafanyakazi vilivyopo ni TAMICO na NUMET, na katika mashamba ni TPAWU. Mkataba wa hali bora unaofungwa na chama unaweza kuweka viwango vya juu kuliko amri ya waziri, lakini si vya chini.

Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kutunza kumbukumbu za ajira, na asipoweza kuonyesha mkataba wa maandishi, mzigo wa kukanusha masharti anayoyadai mfanyakazi ni wake. Wengi hawalijui hilo. Kibarua anayeandika kwenye daftari lake siku alizofanya kazi, saa ya kuingia na saa ya kutoka, huwa na kitu cha kuweka mezani mbele ya msuluhishi.

Tazama pia

Wilaya ya Mbinga
Wilaya ya Nyasa
Mkoa wa Ruvuma
Wamatengo
Ziwa Nyasa
Makaa ya mawe
Kahawa